Daftari la Friji Sijaonyeshwa, Wanataka Nisaini Kuwa Nimelisoma

Mshauri mpendwa, salamu nimezikata fupi kwa sababu kikao changu cha nidhamu ni Alhamisi. Mimi ni mtunza stoo ya chanjo kwenye kituo cha afya, mwaka wa tisa sasa, na kazi yangu ni friji, asubuhi nasoma kipimajoto, naandika kwenye daftari, nasaini, jioni tena hivyo hivyo. Mwezi uliopita friji ilizidisha baridi, chanjo zikaganda, na hakuna aliyejua mpaka watoto wakawa wameshachomwa, ikabidi akina mama waitwe upya, mmoja akaja na mapacha akanitazama, mshauri, afadhali angenitukana. Nikapewa barua ya tuhuma, mistari minne, eti nimejaza vipimo vya uongo "kwa tarehe mbalimbali". Tarehe zipi, haisemi. Nikaenda kwa ofisa utumishi kuomba nilione daftari, akacheka, "Si uliandika mwenyewe? Unataka kulisoma la nini?" Halafu akanipa fomu ya kusaini kwamba nimepewa na nimesoma nyaraka zote za shauri langu, niirudishe Jumatano.

Sasa naungama. Pale kwetu kuna mtindo tunauita kuiwahi kesho, yaani ukijua asubuhi utachelewa, unaandika kipimo cha kesho leo leo, nyuzi joto nne, kiwango kinachotakiwa, unasaini, unakwenda zako. Nimefanya hivyo, na si mara moja. Lakini mwezi huo huo nilikuwa msibani siku tatu, nimefiwa na mjomba, niliporudi nikakuta siku zote tatu zimejazwa nyuzi nne na saini yangu imeigizwa, mkia wa herufi ya mwisho umepinda kama anavyoupinda wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ni muuguzi pale na ndiye aliyeniombea kazi. Nikanyamaza, nikaona amenisitiri. Leo ananiambia, "Wifi, saini tu yaishe, watakupa onyo." Mume wangu naye kasema dada yake nisimguse. Nikilidai daftari, labda litanitoa mimi limwingize yeye, na kurasa nyingine zitanigeukia mwenyewe. Je, nisaini ninusuru ndoa yangu?

Mwenye Funguo

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Funguo, pole kwa msiba, na pole kwa macho ya yule mama. Hayo ya pili yatakukaa muda mrefu, na yanastahili kukukaa. Kuiwahi kesho! Mmelitafutia jina tamu kabisa, mama wa watu analeta mtoto wake akiamini kuna mtu amechungulia kile kipimajoto, kumbe mtu huyo yuko kwake amelala. Wewe na wifi yako mmenikasirisha, nimelisema.

Lakini kukosa kwako hakumpi yule ofisa ruhusa ya kukuhukumu gizani. Anayetuhumiwa ana haki ya kujua ametuhumiwa kwa siku ipi na kuuona ushahidi kabla hajajibu. Kuliandika daftari wewe si sababu ya kunyimwa, tena wewe mwenyewe unasema kurasa nyingine hukuziandika. Utajibu nini Alhamisi kwa "tarehe mbalimbali"? Utakuwa unabahatisha, na wao wataandika kwamba umekiri.

Kwa hiyo kesho asubuhi andika barua. Omba tarehe zinazodaiwa, nakala za kurasa hizo, ripoti ya fundi, kama kuna aliyeikagua friji, na maelezo ya yeyote aliyekushuhudia. Omba kikao kisogezwe mpaka uzipate. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na kama ulipewa barua ya ruhusa ya msiba, iweke karibu. Kwenye kikao usiende peke yako, tafuta mwakilishi wa wafanyakazi au mwenzako unayemwamini. Wakikunyima, liseme hilo mbele ya kikao na udai liandikwe kwenye kumbukumbu.

Kuhusu wifi yako, kaa naye uso kwa uso kabla ya Alhamisi, mwambie unaomba kurasa na kwamba hutasema uongo. Mumeo mwulize swali moja tu: dada asiguswe, na mke je? Na siku zile ulizoziwahi wewe, zikiletwa, zikubali. Huenda kazi ukaikosa hata hivyo, sitakudanganya, na nyumbani pakapoa kwa muda mrefu.

Ila fomu ile usiisaini. Ulishasaini vipimo ambavyo hukuvisoma, na watoto wakachomwa kwa saini hizo. Leo unaombwa usaini tena kwamba umesoma usichokisoma. Irudishe Jumatano ikiwa tupu.