Kiuno cha Tairi

Jumatatu, 10 Julai 1995

Tumetoka kliniki. Nesi kasema mkamwana wangu Felisita asithubutu kuzalia hapa Bariadi. Mtoto wa kwanza, Milembe, alitoka kwa operesheni, kwa hiyo huyu wa pili wamwangalie madaktari wa Mwanza. Na aende mapema, wiki mbili kabla. Asingoje uchungu.

Mimi sikuhitaji kuambiwa. Mara ile ya Milembe tulingoja. Uchungu ukamkuta nyumbani, gari hakuna, tukampandisha juu ya lori la pamba. Barabara yote ile! Tulipofika alikuwa hajui jina lake. Mungu tu.

Mwanangu Magese anasema mara hii hakuna lori, mke wake atapanda gari lake. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba yeye anamnunulia tajiri mmoja, na mwaka huu kajipatia Selika. Nyekundu, milango miwili, imetoka Dubai. Tumbo karibu liguse chini. Vijana wa stendi wanaishika kama wanashika ng'ombe wa maonyesho.

Nimeinama nikaangalia matairi. Kipara! Moja linaonyesha nyuzi. Nikamwambia Magese, mke wako hapandi juu ya nyuzi.

Jumatano, 12 Julai

Magese kaenda kwa Mahona, fundi tairi wa stendi. Tairi lina namba ubavuni, 195/60 R14. Hayo hapa hayapo. Mahona kasema hizo ni namba za mbio, za barabara za wenzetu, hata Mwanza utayatafuta mpaka uchoke. Lakini anayo ya 195/70 R14. Upana uleule, rimu ileile, kumi na nne ni kumi na nne. Tena gari litainuka, litapita mabonde vizuri.

Yamefungwa yote manne leo hii. Gari limeinuka kweli. Jirani yangu Anyesi katoka nje, kacheka: "Mama Magese, gari lenu limevaa mchuchumio!"

Magese anafurahi. Mimi pia nilifurahi. Mapya yale, yananukia duka.

Ijumaa, 14 Julai

Magese kaenda mpaka Dutwa, njia ya Mwanza, na kurudi peke yake. Kasema halijawahi kutulia hivi. Nimeahidiwa safari ya Mwanza mshale wa spidi hautapita sitini. Kaapa kwa marehemu baba yake.

Nimeshona sare tatu za shule. Usingizi wa mchana ulinichukua kwenye cherehani. Roho imetulia.

Jumapili, 16 Julai

Haikutulia sana.

Tumetoka misani. Mbele Magese na Felisita. Nyuma mimi na mdogo wangu Maximiliana, naye Mungu kamjalia mwili, na kiroba cha mchele kati yetu. Kufika kona ya kutoka kanisani Magese akakata usukani — kwaaaruu! Kama mtu anapasua khanga. Na harufu ya mpira unaoungua. Felisita akashika tumbo.

Magese akashuka, akachungulia. Kasema si kitu, tairi limegusa plastiki ya ndani ya madigadi. Ni uzito. Akiwa peke yake haligusi.

Maximiliana akamjibu, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyevunja gari?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Felisita hasafiri peke yake! Ana tumbo, ana mizigo, nipo mimi. Na barabara ile ya kwenda Lamadi ni mashimo kila hatua, gari litakaa chini kila saa. Likigusa kwenye kona, kwenye mwendo? Likipasuka?

Nimemwuliza Magese. Kasema, mama, unapenda kuogopa. Ni kweli napenda. Nilikuwa naogopa mwaka ule wa lori pia, nikanyamaza kwa kuwa mimi sikusoma. Mara hii sinyamazi.

Jumatatu, 17 Julai

Leo nimefanya kazi yangu ninayoijua. Nimechukua uzi na futi ya kushonea nikaenda kwa Mahona.

"Mwangaluka mayu," kanisalimu kwa Kisukuma, halafu kaona futi shingoni. "Umekuja kunishonea tairi suruali?"

Nikamwambia lete lile kipara la zamani. Nikalizungushia uzi kama ninavyompima mama mnene kiunoni, nikakata, nikaulaza kwenye futi. Inchi sabini na mbili kasoro kidogo. Nikapima jipya. Sabini na nane kasoro robo.

Inchi sita! Nikamwambia, "Mahona, mimi nikimwongezea mteja inchi sita kiunoni, hilo si gauni tena, ni gunia. Na wewe ulisema kumi na nne ni kumi na nne."

Kakuna kichwa. Kumbe kumi na nne ni tundu la katikati tu. Ile sitini na sabini ndiyo urefu wa ubavu. Ubavu ukirefuka, duara lote linakua. Yeye alijua, lakini kwa pikapu za hapa watu wote wanataka kuinuliwa, hajapata mtu wa kuuliza. Pikapu ina nafasi. Hii Selika imeshonwa kubana.

Halafu kasema jingine, yeye mwenyewe, sauti chini. Tairi likiwa kubwa mshale wa spidi unadanganya. Unasoma sitini, wewe uko sitini na nne hivi. Nilikaa juu ya rimu pale. Hiyo ni kama futi yangu ya zamani iliyokatika mwanzo. Nilishona sare za darasa zima kwa futi ile, zote zikatoka ndogo, na mimi nilikuwa nasoma sawasawa! Mwanangu kaapa kwa baba yake, na angekuwa amevunja kiapo bila kujua.

Nikamwuliza lipi basi lina kiuno cha karibu. Kafikiri, kaandika na chaki sakafuni. Kasema 185/65 R14. Jembamba kidogo, ubavu mrefu kidogo, duara karibu lilelile. Linabeba uzito huo bila shida. Anajua mtu wa Lamadi analo. Ataagiza kwa basi, na haya makubwa atayarudisha, maana kosa ni lake pia. Mahona ni mtu mwema. Anajua kusema kosa.

Magese ndiye shida. Kaja jioni, kasikia jembamba, kavimba. "Mama, Selika na tairi jembamba! Ni fahali kuvaa kwato za mbuzi. Wanunuzi wenzangu watanicheka mpaka msimu uishe."

Kabla sijajibu Felisita kajibu, anachambua mchele, hakuinua hata uso. "Wakucheke. Mimi nilibebwa juu ya marobota mchana kweupe, sketi imelowa, stendi nzima ikiniangalia. Hukuniuliza kama niliona aibu."

Magese akakaa chini, karibu naye. Halafu akachukua ungo wakachambua wote.

Jumatano, 19 Julai

Yamekuja! Manne, yanafanana. Nimepima kabla hayajafungwa — sabini na nne kasoro. Inchi mbili tu juu ya lile kipara, na Mahona kasema kipara lilikuwa limeshalika, likiwa jipya wangelingana karibu sawa.

Halafu Mahona kafanya jambo la akili. Kaita watu wa stendi waingie garini. Maximiliana mbele, kwa hiari yake, kasema leo anasafisha jina. Wabeba mizigo wawili nyuma. Magunia mawili ya mbegu za pamba kwenye buti. Gari likalala chini kama kuku anayeatamia.

"Kata kulia! Mwisho!" Magese akakata. Mahona kalala kifudifudi anasikiliza. Mimi nimeinama upande wa pili, khanga vumbini. "Kata kushoto! Rudi nyuma! Pita lile shimo!"

Hakuna. Kimya. Hata kukwaruza kidogo hakuna.

Nilipiga kigelegele stendi, mtu mzima mimi. Mwenye duka la baiskeli akauliza nani anaoa.

Ijumaa, 21 Julai

Tumefunga mizigo. Wenzake Magese wamemwuliza mbuzi wake anakula nini. Kawajibu, anakula barabara. Anacheka sasa.

Milembe anabaki na Maximiliana. Kesho alfajiri.

Jumamosi, 22 Julai. Mwanza

Tumefika. Asante Mungu, asante Mungu!

Mpaka Lamadi vumbi na mashimo, masikio yangu yote yako kwenye madigadi. Halikugusa hata mara moja. Kwenye lami mshale sitini, nami nauamini. Karibu na Magu ng'ombe wakakata barabara ghafla — Magese akakanyaga breki, gari likasimama limenyooka, wala halikuyumba. Mchungaji akatupungia fimbo. Felisita alicheka. Alicheka sana, nikashangaa.

Tumepata chumba nyumba ya wageni ya masista, geti la hospitali linaonekana dirishani. Madaktari ni Jumatatu. Magese kalala ndani ya gari, miguu nje ya mlango.

Nilikuwa naandika hapo juu Felisita akaniambia, taratibu kabisa, "Mama, mgongo unauma tangu Magu. Unakuja unaondoka."

Nikasema kwa nini hukusema!

"Ningesema Magese angekanyaga mafuta."

Nimesimama kumwamsha Magese, Felisita kanizuia. Geti ni hatua mia, tutatembea. Kasema anaoga kwanza, haendi kwa madaktari na vumbi la Dutwa. Mkoba wake nimeuweka mlangoni. Kadi ya kliniki ipo juu. Naogopa, lakini si kama mwaka ule. Mwaka ule tulikuwa mbali.

Namsikia anamwaga maji. Sasa kanyamaza. Ni uchungu umemshika, nasubiri umwachie. Sasa anamwaga tena —