Trela la Bosi Mdogo

Gereji ya Pikipiki,
Nyuma ya Stendi ya Mabasi,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu, Bosi Mdogo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, wenye viungo vyote na wasio navyo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na umevaa lile koti la kwenye picha uliyomtumia mama, ambalo lebo ya dukani bado inaning'inia kwenye mkono. Mimi sijambo. Mama hajambo, miguu tu inamsumbua kama kawaida. Baba naye hajambo, isipokuwa mkono wa kulia. Ulikatwa chini ya kiwiko, hospitalini, wiki ileile uliyoambiwa kwenye simu kwamba amepata mchubuko.

Usinune kwa kudanganywa. Baba mwenyewe ndiye aliyetuamuru tuseme mchubuko, asije akakuvuruga akili kazini. Na ndiyo maana unaona mwandiko wangu hapa badala ya wake. Amenikalisha kando ya kitanda chake hapa nyumbani ananitajia la kuandika, na mimi naitikia "ndiyo, baba" huku naandika yangu. Anaamini hii ni barua ya kukushukuru kwa trela. Kusoma bila miwani hawezi, na miwani yake ilisagika kwenye pikapu.

Anasema umeahidi kutuletea trela jingine, kubwa kuliko la kwanza. Kwa hiyo nimeona nikueleze kwa kirefu habari za matrela ya kubebea pikipiki, maana inaonekana lile la kwanza ulilichagua kwa kupenda rangi.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Ile kampuni ya kusambaza vifurushi ilisema itatupa kazi ya kwenda kuchukua pikipiki zao mbovu kwenye matawi yao, mradi tuwe na trela. Baba akatamka mezani, sahani zikiwa bado hazijaondolewa, kwamba atakayeleta trela ndiye atakayeachiwa ufunguo wa gereji. Ule ufunguo anaouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, anaolala nao na kuoga nao. Usiku uleule mama akakupigia kukueleza, kwa sababu mama hana siri kwako.

Mimi niliutaka ufunguo ule, bwana mdogo. Nakuambia wazi ili usijifanye hukujua. Wewe ukiwa bado unakojoa kitandani, mimi nilikuwa nafungua injini pale. Nimenuka oili mpaka wachumba wawili wakarudi walikotoka. Wewe ulikuwa ukija gereji unakalia kiti cha baba, unazungusha miguu, unaagiza soda, na baba anacheka anakuita Bosi Mdogo. Jina limekuganda, na inaonekana uliliamini.

Nilikwenda kwa mchomeleaji wa pale kona ya sokoni. Alikuwa na trela kuukuu, limechubuka rangi, ambalo wewe usingeliangalia mara mbili. Lakini lilikuwa limekaa chini, karibu na ardhi, kiasi kwamba pikipiki unaipandisha bila kuita watu. Sakafu yake ni bati nene lenye vinundu, tairi halitelezi hata kukiwa na oili. Mlango wa nyuma unalala chini unakuwa ndiyo njia ya kupandia. Ekseli iko karibu na katikati, magurudumu yametanuka. Nikalala chini yake nikakagua springi, nikazungusha magurudumu nikisikiliza beringi, nikaomba aongeze mnyororo wa pili wa usalama na kuipitisha yote miwili kwa kukatana chini ya kiungio cha kulivutia, ili trela likichomoka lidakwe kabla halijachimba lami. Nikalipa malipo ya kwanza kwa akiba yangu.

Nilipofika nyumbani kumweleza baba, nikamkuta anacheka na simu. Ulikuwa wewe. Lako lilikuwa tayari limepakiwa melini.

Siku lilipofika mtaa mzima ulitoka kulitazama. Lilikuwa refu, jembamba, linang'aa kama sufuria mpya. Halina sakafu. Katikati lina vigurudumu vya mpira vimepangwa mstari, na mbele kuna nguzo yenye kapi la kuvutia. Kimya, fundi wetu, ambaye wewe mwenyewe unajua akisema maneno matatu kwa siku amechoka, akalizunguka mara moja akasema, "Hili la mashua."

Ulinunua trela la mashua. Sisi hapa hata maji ya kuoga tunayapangia foleni.

Nilitegemea baba angalau angekuna kichwa. Akamgeukia Kimya: "Mwanangu yuko huko yanakotengenezwa. Wewe umetoka wapi?" Kisha akalipangusa kwa leso yake mwenyewe. Nikamwambia lile la mchomeleaji nimeshalilipia nusu. Akasema nikaombe nirudishiwe, na kama siwezi, basi nijifunze kusubiri wakubwa waamue. Ninakuandikia jambo hili ulijue vizuri: mkubwa wa kuamua ulikuwa ni wewe, uliyezaliwa nikiwa nimeshaacha shule.

Sasa tukaanza kulitengeneza. Kimya alitaka kung'oa vigurudumu na kuchomelea bati. Baba akakataa, eti tutaharibu kazi ya mwanawe. Tukalaza mbao juu yake. Mbao zenyewe zilitoka kwenye kitanda chako cha utotoni, maana mama alisema utafurahi ukisikia. Nikafunga pete za chuma kwa bolti, kwenye chuma chenyewe cha trela, siyo kwenye mbao. Nikatengeneza vizuizi vya kubana gurudumu la mbele, kila pikipiki na chake. Mikanda ya kukazia nilinunua mimi, minne kwa kila pikipiki.

Na kwa kuwa unapenda kufundisha watu kazi zao kupitia simu, hapa na wewe ujifunze. Pikipiki haifungwi ikiwa imeegemea stendi. Stendi inakunjwa, pikipiki inasimama wima kwa nguvu ya mikanda tu. Mikanda ya mbele unaipitisha chini ya usukani, unakaza kulia kidogo, kushoto kidogo, mpaka shokapu zishuke nusu. Ukikaza mpaka mwisho unapasua sili, oili ya shokapu inavuja. Ukilegeza, kwenye shimo la kwanza mkanda unaruka. Mikanda ya nyuma ni ya kuzuia mkia usicheze. Ncha zinazobaki unazifunga fundo zisije zikapepea. Nikishafunga mimi, unaweza kulipindua trela na pikipiki zikabaki palepale. Sikujua kwamba mtanipa nafasi ya kuhakikisha.

Safari ya kwanza tulikwenda kuchukua pikipiki tatu, mbili ndogo na ile kubwa ya mizigo. Trela lako ni jembamba, kwa hiyo ilibidi zikae moja nyuma ya nyingine. Ekseli imesogezwa nyuma sana, kwa sababu mashua uzito wake uko kwenye injini huko mkiani. Nikasema ile kubwa ikae mbele, tukate hiyo nguzo ya kapi ipate nafasi, uzito ulalie upande wa pikapu. Baba akasema haikatwi kitu mpaka uulizwe. Akakupigia, akaweka simu kwenye spika.

Unakumbuka ulivyojibu? Ulikuwa unatafuna. "Kubwa wekeni nyuma, mbele mtailemea pikapu." Nikasema uzito ukiwa nyuma ya magurudumu, trela litaanza kuyumba. Ukacheka, ukasema, "Dada, wewe shughulika na mikanda yako." Na baba akacheka. Hata tawini pale, watu nisiowajua, wakacheka.

Nikashughulika na mikanda yangu.

Barabara ya tambarare tulikwenda vizuri, na baba aliimba. Mkono wa kulia ulikuwa nje ya dirisha, kiwiko juu ya mlango, kama kawaida yake. Tulipoanza kuteremka ule mlima wa kuingilia mjini, nikahisi mgongo wa pikapu umekuwa mwepesi. Kisha trela likaanza kutikisa mkia, taratibu kwanza, kama mbwa aliyemwona mwenye nyumba. Nikamwambia baba aondoe mguu kwenye mafuta, asikanyage breki. Akakanyaga breki. Trela likatupita ubavuni, nikaliona dirishani kwangu likija na mbao zako za kitanda, na pikapu ikalala upande wake wa dereva ikaburuzika.

Mimi nilipata nundu kwenye paji la uso. Baba hakupiga kelele. Aliniuliza kama naona kidole chake cha pete, na mimi nilikuwa nakiona, ila si mahali alipokuwa anatazama.

Trela lilikutwa mtaroni, magurudumu juu. Pikipiki zote tatu zilikuwa zimefungwa vilevile, vichwa chini, hakuna mkanda hata mmoja uliolegea. Kimya alizipiga picha kabla hajazifungua.

Hospitalini, baba alipozinduka, nilikuwa nimemshika huo mkono uliobaki. Neno la kwanza lilikuwa, "Ulikaza vibaya." Nikamwonyesha picha za Kimya. Akafumba macho. Daktari akaja, muuguzi akaja, jirani wa kitanda cha pili akaja na uji wake, na kila mmoja aliambiwa kwamba bintiye alilegeza mikanda. Mama alikuwepo, anajua ukweli, akanikonyeza ninyamaze ili mgonjwa apumzike. Kwa hiyo gerejini na mtaani kote, aliyemkata baba mkono ni mimi.

Wewe ulipopiga simu, kitu cha kwanza ulichouliza kilikuwa, "Trela je, limeharibika?" Simu ilikuwa kwenye spika tena. Baba akatabasamu, akamwambia mama, "Unaona anavyojali mali ya nyumbani?" Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za wodi. Nilikuchukia siku ile, mdogo wangu, na sijaacha. Lakini nilikuchukia kidogo kuliko nilivyomchukia yeye, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa nikupe habari ambazo baba hazijui. Anafikiri gereji imefungwa, inakungoja wewe. Haijafungwa hata siku moja. Nilikwenda kumalizia malipo ya lile trela la mchomeleaji, nikaazima pikapu, nikaenda kuomba radhi kwa kampuni ya vifurushi. Kazi wametupa, kwa jina langu. Tunabeba pikipiki ubavu kwa ubavu, uzito ukilalia mbele, na kwenye mteremko trela linafuata kama mtoto aliyeshikwa mkono. Kila jioni narudi nimenawa kwa sabuni ya unga mpaka ngozi inauma, nanyoosha mgongo, naketi hapa kitandani kwake, na baba ananiuliza kama nimetembea vizuri huko nilikokuwa. Najibu nimetembea vizuri.

Leo asubuhi aliniita nimletee bahasha. Akaanza kuivua ile kamba shingoni kwa mkono wa kushoto. Ilinasa sikioni, ikanasa kwenye kola, akahangaika nayo mpaka jasho likamtoka. Ningeweza kumsaidia. Nilikaa nikamtazama. Ilipotoka akaibusu, akanipa, akasema, "Mtumie Bosi Mdogo ufunguo wake. Atakuja kufungua mwenyewe."

Basi umo humu ndani ya bahasha, pamoja na kamba yake. Sijakiuka amri. Ila kufuli la mlango wa gereji nimelibadilisha. La zamani sikulitupa, ni chuma kizuri kile. Nimelifunga kwenye kiungio cha trela lako, huko uani walikoanza kutagia kuku, ili mtu asije akaliiba. Ufunguo huo unafungua kitu kimoja tu duniani, na kitu chenyewe ni chako. Njoo ulichukue siku yoyote, nitakusaidia kulisukuma mpaka barabarani.

Lile jingine usilete. Ukiona huwezi kujizuia, nunua mashua kwanza.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri na usilale umechelewa. Shangazi anakusalimu, bado anakuombea upate mke mwenye subira. Kimya amesema, "Msalimie," na kwake hiyo ni hotuba. Baba anakupa baraka zake zote. Kwangu hakubakisha kitu, kwa hiyo mimi nakutakia tu afya njema na mikono miwili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa taabu,

Dada Mkubwa.

Mchoro huo uliopinda hapo chini ni sahihi ya baba, kwa mkono wa kushoto. Ameniuliza kama nimeandika yote aliyonituma, nikamwambia yote, baba. Akaniomba nimshikie karatasi isiteleze, nikamshikia, akatia sahihi.