Mlango wa Bibi Ilka

Gyuri, Dezső amechana picha ya bibi yangu kwa kisu. Mchana, kwenye maonyesho yetu, maktaba imejaa watu!

Dezső jirani yangu!

Ni ile ya mlango wa nyumba yao, aliyoichora Bibi aliporudi kutoka kambi ya Wanazi akakuta watu wengine wanaishi humo. Nikamwonyesha alama ya mshazari kwenye mwimo. Nikasema, "Hapo kilipigiliwa kisanduku cha sala, kama kila nyumba ya Kiyahudi."

Akakauka. "Mwimo wangu una alama hiyo hiyo. Kumbe ndiyo maana umenialika! Unataka nyumba yangu?"

"Wee Dezső, ni picha tu!"

"Ni picha tu," akarudia, akachomoa kisu.

Nimepita kwake sasa hivi. Anaziba ule mwimo kwa saruji, na mkewe anamshikia taa.

Bibi alituachia picha tatu. Zimebaki mbili, na alama yenyewe haipo tena popote.