Ng'ombe wa Ng'ambo ya Bonde

Mama yangu,

Shikamoo, hata kama marahaba yako siisikii tena. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa sababu wewe ndiye uliyezoea kunisikiliza nikiwaka.

Unalikumbuka shamba lako la maharage kule Keza? Ulikuwa ukinikuta nimejifungia ndani na kitabu, unanitoa nje. "Kitabu hakina miguu, utakikuta." Tukipalilia, ulinyoosha jembe kuelekea kilima cha pili, ng'ambo ya bonde: "Yule ng'ombe mwenye baka ni wa nani?" Nikikosea, ulinicheka. "Macho ya nini basi, ya kupambia uso?"

Mwezi uliopita nilisimama palepale na mjukuu wako Jovina, nikamuuliza swali lako. Akakunja uso.

"Ng'ombe yupi, baba? Mimi naona kijani tu."

Hospitali wakampa miwani. Mimi nikaanza kusoma kila nilichokipata. Tatizo hili la kuona vya karibu tu linaongezeka duniani kote. Watafiti bado wanabishana juu ya chanzo: urithi umo, kukazia macho vitu vya karibu kumo. Lakini wengi wanarudi pale pale, kwamba watoto wa leo hawapati mwanga wa mchana wa kutosha. Na miwani ya kawaida humsaidia mtoto kuona; haizuii macho kuharibika zaidi. Nilisoma hayo nikawa nakusikia wewe.

Jana shule ya Jovina iliita wazazi. Wanataka kambi ya darasa la saba, darasa lake, ianze mapema: watoto walale shuleni, wasome toka alfajiri hadi usiku, michezo ifutwe. Niliomba saa moja tu ya jua.

"Mzee, wewe ulishafaulu," mwalimu mkuu akanijibu. "Sasa wetu wachunge mbuzi?"

Darasa zima la wazazi likacheka. Nikawaambia mbuzi hajawahi kumpofusha mtu, ila ujinga wenye kengele unaweza. Hapo hawakucheka. Kura ilipopigwa, mkono wangu ulikuwa peke yake.

Leo kambi imeanza, na sikumpeleka Jovina. Atasoma nyumbani, na mchana atatoka nje. Akifeli, watasema nimemponza mimi, na huenda wakawa sahihi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Mama.

Mchana tulikwenda shambani kwako. Alivaa miwani, akatazama ng'ambo kwa muda mrefu.

"Baba, yule mwenye baka ana ndama. Ni wa nani?"

Sikujua. Wewe ndiye uliyewajua wote.

Pumzika, Mama. Mimi bado nabishana.

Mwanao uliyemtoa nje