Chupa ya Chini ya Vizimba

Jumanne, Ozi.

Mto unarudi nyuma, nao watafiti wanachota maji ya kupima! Mpaka sasa hasira haijanitoka.

Yule binti mtafiti alinieleza vizuri juzi. Wanachota chupa moja juu ya vizimba vya samaki, mto unakotoka, na nyingine chini yake, unakoelekea baharini, ndipo wajue kama vizimba vinachafua mto. Maji ya chini yakiwa safi, vizimba vitaongezwa.

Sawa. Lakini leo wamekuja wakati bahari imejaa. Hapa kwetu bahari ikijaa huusukuma mto urudi juu, na ndivyo tunavyonywesha mpunga. Kwa hiyo uchafu wa samaki ulikuwa unapanda, na chupa ya chini ikajazwa maji ambayo hata hayajafika kwenye vizimba. Chupa chafu itakuwa ile ya juu, penye mashamba. Watasema wachafuzi ni sisi wakulima.

Nikamwuliza yule binti, "Mwanangu, nani amewaambia mje saa hizi?"

"Mwenyekiti wa vizimba, mama. Amesema ndiyo saa nzuri."

Mwenyekiti ni shemeji yangu, mume wa dada. Alikuwa palepale ndani ya mtumbwi, akikung'uta kasia lake kana kwamba hakusikia.

Nikanyamaza kwa ajili ya dada. Kesho sijui kama nitaweza... La, nitamwambia yule binti. Dada akinuna, anune.

Mgeni anaweza kukosea. Lakini shemeji naye ana shamba la mpunga, na sijawahi kumwona akikosea saa ya kulifungulia maji.