Muhtasari wa Kikomo cha Rais

Jumatatu, 2 Mei 1983
Ofisi ya tawi la Chama, Msanzi. Chai bila sukari. Sukari hakuna wiki ya tatu. Mapendekezo ya kubadili Katiba yamefika kutoka wilayani. Kubwa ni hili: Rais asizidi vipindi viwili, miaka mitano mitano. Jumamosi nitawasomea wanakijiji. Katibu ni mimi.

Jumamosi, 7 Mei
Nilisoma vifungu vyote. Watu wakasinzia.
Mzee Kapele peke yake alibisha: "Kiongozi mwema umtoe kwa nini? Mtu haachi ng'ombe anayekamuliwa."
Akasimama Oswadi, mwalimu kijana aliyehamia shuleni kwetu Januari. Hakushika karatasi. "Mzee wangu, mtunza ghala wetu ni mwema. Tumwekee tu siku ya kurudisha ufunguo. Siku tukipata mbaya, naye ataikuta imeshawekwa."
Watu wakaamka. Wakajadili mpaka jua likazama. Gaudensia, mke wangu, akampigia makofi. Mimi hajawahi kunipigia.
Namchukia yule kijana.

Jumapili, 8 Mei
Misa sikuisikia. Nje ya kanisa walimzunguka yeye, wanamuuliza habari za Katiba. Mimi salamu za kupita tu.

Jumanne, 10 Mei
Nimeandika muhtasari wa kupeleka wilayani. "Wanachama walisikiliza. Hawakuwa na maoni." Oswadi hayumo. Hoja yake haimo.
Nimefurahi. Aibu ipo, kidogo.

Jumatano, 11 Mei
Mzee Kapele amekuja ofisini kwa mguu, na goti lake lile bovu.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba, mwanangu. Yale niliyobisha umeyaandika?"
Nikasema ndiyo.
"Nisomee basi. Sijawahi kuandikwa kwenye karatasi ya Serikali, labda ya kodi."
Nikashika ile karatasi. Nikakohoa. Nikasema miwani nimeisahau nyumbani. Miwani ilikuwa usoni. Akaitazama, akaniaga kwa heshima, akaondoka.
Sijala mchana.

Alhamisi, 12 Mei
Nimeuchana muhtasari ule. Nimeandika upya. Maneno ya mzee yote, na ng'ombe wake. Lakini hayasimami bila jibu alilopewa. Kwa hiyo Oswadi naye, neno kwa neno. Kuandika jina lake kuliniuma kama jino.

Ijumaa, 13 Mei
Sumbawanga, juu ya lori la mahindi. Ofisa wa wilaya alisoma mbele yangu, akacheka pale penye ghala. "Huyu mwalimu aje kuzungumza kwenye mkutano wa mkoa." Akanipa barua nimpelekee. Mimi aliniambia tu mwandiko ni mzuri.
Njia nzima nilitamani upepo uichukue ile barua.

Jumamosi, 14 Mei
Kwanza nilipita kwa Mzee Kapele, nikamsomea nakala. Aliomba nirudie mara mbili.
Kisha kwa Oswadi. Alikuwa anapalilia maharage. Aliposoma barua, aliketi kwenye tuta.
"Ndugu Katibu, mbele ya wakubwa nitasema nini?"
Sikujua kwamba naye huogopa.
Wivu haujaisha. Lakini nilikaa naye pale kwenye tuta, nikamwambia jinsi waheshimiwa wa mkoa wanavyopenda kusalimiwa, na nani huanza. Akawa anaandika.