Bega la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 1974

Nimechemsha sindano. Nimejaza mafuta ya taa kwenye friji ya zahanati, nusu nikayamwaga sakafuni. Mzembe mimi. Daktari wa misheni kaleta chupa moja ya chanjo ya mafua, dozi kumi, za wazee tu. Anasema haizuii kila mafua, ila inapunguza yale makali yanayomlaza mzee na kumletea kichomi. Muuguzi wetu yuko likizo ya uzazi. Kesho nachoma peke yangu.

Jumanne, 4 Juni

Wazee kumi foleni. Wa mwisho mama mkwe, mama wa mke wangu Kabula. Loo! Kwetu Wasukuma mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hata kumkazia macho ni kukosa adabu. Sasa nimfunue bega? Aliponiona na sindano alijifunika kanga usoni, akageuka, akaenda zake. Sikumwita. Kusema kweli, nilishusha pumzi. Chupa ikishafunguliwa haikai. Dozi yake nikampa Mzee Shija, aliyekuwa anapita na ng'ombe wake.

Alhamisi, 27 Juni

Mafua yameingia na vijana wa machimbo. Kijiji kizima kinakohoa. Mzee Shija kaja kunifokea: chanjo gani hii, mbona naye kaumwa! Lakini kalala siku tatu tu, leo yuko machungani. Wenzake waliochanjwa nao ni hivyo hivyo, isipokuwa bibi mmoja tuliyempeleka hospitali. Si kinga ya kuapia. Ila inasaidia, nimeona kwa macho yangu.

Wasiochanjwa wananitia hofu. Namuwaza mmoja.

Jumatatu, 1 Julai

Ni kichomi. Mama mkwe anapumua kwa shida. Kabula kanikamata shati: "Baba Masanja, mchome!" Akamfunika mama yake kanga mwili mzima, akaitoboa kanga tundu penye paja. Nikachoma penisilini bila kumwona. Dakika moja tu, imekwisha.

Siku ile ya chanjo kila mwanamke kwenye foleni alikuwa na kanga. Najichukia.

Alhamisi, 4 Julai

Amefariki alfajiri. Siwezi kuandika.

Jumapili, 14 Julai

Watu wa msiba wametawanyika. Jana nilimuuliza daktari kama chanjo ingemwokoa. Akasema hawezi kuapa, ila angekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona. Nafasi hiyo nilimnyima kwa haya zangu. Yeye alikimbia, sawa, lakini mwenye kujua hatari nilikuwa mimi.

Leo nimemweleza Kabula yote, hata ile pumzi niliyoshusha. Akachukua ndoo, akaenda kisimani. Jioni nikatandika kitambaa mkekani, nikamwambia nataka pazia la chumba cha sindano, kwa ajili ya wakwe. Kisha akachukua mkasi, akauliza tundu likae wapi.

Nikamwonyesha kwenye bega langu.